Tangi Lako Halina Samaki Tena

Mama Zuhura, mke wangu,

Najua ungeuliza habari za tangi kabla ya kuniuliza hali yangu, kwa hiyo nianze hapo. Tangi liko hai. Samaki hakuna hata mmoja. Mimi moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi. Siogopi. Ila nina neno la kukuungamia, na nataka litoke mkononi mwangu nikiwa bado naweza kushika kalamu.

Unakumbuka ulipokwenda kwenu Mombasa kwa arusi ukaniachia tangi lako la samaki wa bahari? Mimi mtu wa milimani Chawia, niliyekulia penye chemchemi, niliona mawe yako yameota uchafu, nikayasugua kwa brashi mpaka yakang'aa. Maji yalipopungua kwa joto la Voi, nikaongeza ya kisima. Nilijiambia kwamba kisima chetu kinaharibu hata chai kwa chumvi, basi viumbe vya bahari vitakosaje kuridhika? Uliporudi hukupiga kelele. Ulivua buibui, ukayatazama yale mawe meupe, ukasema, "Mwalimu mzima! Umewaosha watu mpaka wamekufa."

"Watu gani? Ule ulikuwa uchafu."

"Uchafu ni huo ulio kichwani mwako, bwana. Hebu nipishe."

Baadaye ulinieleza kwamba ule uchafu ulikuwa viumbe hai, kwamba maji yakikauka chumvi hubaki, na kinachoongezwa ni maji ya mvua. Kisha ukaanza upya, kwa njia ya kwenu. Pwani bakuli la jirani halirudishwi tupu, na wewe ukaifanya mila hiyo kuwa kazi ya tangi. Kila mtu wa Mombasa uliyemjua kuwa na tangi la bahari ulimpelekea kwa basi bakuli la mwani uliosalia tangini, nalo likarudi na kiganja cha mchanga wake au kijiwe chenye matundu. Kila nyumba ilikuwa na wadudu wake, wote wakakutana sebuleni kwetu. Ulipanga mawe kwa kuyaegemeza tu, ili yabaki na mapango. Mwani ukautia katika sanduku la pembeni ambamo samaki hawakuweza kuingia, wadudu wadogo wazaliane humo kwa amani. Kioo cha nyuma ukanikataza kukipangusa milele.

Sasa ungamo. Ulikuwa ukinivuta mkono na kumulika tochi. "Unamwona huyo?" Nami nikijibu, "Namwona." Sikuona kitu, Mama Zuhura. Miaka yote ile nilitazama shavu lako lilivyoshika mwanga wa tochi, na hilo lilinitosha. Wadudu wako niliwaona baada ya wewe kuondoka duniani, nilipokuwa sina kingine cha kutazama.

Samaki walikufa kwa uzee, mmoja mmoja, nami kwa makusudi sikununua wengine. Hao ndio waliokuwa wakiwala wadudu wadogo. Walipokwisha, tangi lilijaa viumbe ambao hata wewe hukuwahi kunionyesha: vikamba vidogo kuliko chawa, konokono mfano wa punje ya mchele, nyota wa bahari wenye mikono myembamba kama uzi, minyoo wanaochomoza vichwa mchangani na kurudi. Ulipenda samaki wako, najua. Lakini kwa hilo siombi radhi.

Wakati wa mvua za juzi Zuhura alikuja kunichukua anipeleke kwake Nairobi. Alikuwa ameshapata mtu wa kununua kioo.

"Baba, unalinda maji tu humu. Pampu inakula stima, na hata dagaa hakuna."

"Funga pazia, chukua tochi, kaa hapo."

"Mimi si mwanafunzi wako."

"Uliwahi kuwa. Tena wa nyuma kabisa darasani."

Alicheka bila kutaka, akakaa. Akamulika mawe, moja baada ya jingine. Mara akaruka. "Yallah! Kuna kitu kimetembea!" Kisha akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. "Baba, huyu amebeba mayai. Kweli tena, tazama, mayai!" Chai yake ikapoa pale mezani. Alipogeuka aliniuliza swali ambalo wote wanaokuja kuniona hulikwepa.

"Na ukifa, nani atawatunza hawa?"

"Hilo ndilo linalonizuia kuondoka," nikamwambia. "Si ukaidi."

Kesho yake alipiga simu kazini kuomba likizo. Amejifunza kukata mwani na kukinga maji ya mvua. Stima ikipotea mchana wa jua kali, hutandika kitambaa chenye maji juu ya kioo bila kuambiwa, tangi lisipate joto. Minyoo bado humfanya apige kelele, lakini haachi kuwatazama. Nusu ya mawe ameshayapeleka Nairobi, katika tangi alilonunua mwenyewe, na wakazi wa mawe hayo wamefika salama. Nusu nyingine ameniachia, nisije nikafa nikitazama ukuta. Atayachukua akishanizika.

Basi nina amani, tena amani ya kutamba kidogo. Nikifika huko, mke wangu, usiniulize habari za tangi. Utamuuliza binti yako atakapokuja, na Mungu amcheleweshe sana.

Mumeo,
Baba Zuhura