Katani Nyeupe Kwenye Glavu ya Athumani

Alhamisi, kabla ya magharibi. Korogwe kuna joto la kuchosha, lakini mimi nimetulia.

Hili sikuwa nimemwambia mtu hadi leo: siku tuliyowashinda Handeni hapa kwetu, nilijua glavu ya mrushaji wetu hairuhusiwi. Na aliyeifanya isiruhusiwe ni mimi.

Athumani ndiye mrushaji wetu wa besiboli. Kamba za ngozi za glavu yake zilikatika, nikazibadilisha kwa katani, kama tunavyofunga kila kitu huku, kuanzia vitanda hadi mizigo ya baiskeli. Ikapendeza, nyeupe pee. Wenzangu wakanisifu. Mimi nimezoea kusifiwa siku ya matokeo ya mtihani tu.

Asubuhi ya mechi nikasoma kitabu cha kanuni. Glavu ya mrushaji isiwe na rangi nyeupe wala ya kijivu. Mpira wenyewe ni mweupe, na mpigaji anautafuta kwa macho pale pale mkononi mwa mrushaji; glavu nyeupe inauficha. Mchezaji wa nafasi nyingine angeivaa bila shida. Mrushaji, hapana.

Nikakifunga kitabu, nikampa Athumani glavu yake.

Mpigaji wao wa mwisho, mtoto mdogo kuliko mimi, alipiga hewa mara tatu, na mara tatu ndiyo mwisho; tukashinda. Akatoka uwanjani analia. Jumamosi hii tunarudiana kwao, na mshindi anakwenda mashindano ya mkoa.

Leo mazoezini Athumani akaiinua glavu juu. "Profesa, hii umeitia dawa! Handeni watalia tena!"

Wote wakacheka. Mimi nikashindwa kucheka.

Nikamfuata mwalimu wa michezo, nikamfungulia ukurasa. Akasoma polepole. "Mbona hukusema siku ile?"

"Niliogopa, mwalimu."

Athumani alipotusikia akawaka. "Yaani unatuchoma mwenyewe? Achana na vitabu, bwana!" Nikamjibu kwamba anarusha vizuri hata bila katani yangu. Naamini hivyo kabisa.

Nikakaa kwenye ngazi za darasa, nikakata katani yote, nikafunga kamba nyeusi za viatu vyangu vya shule. Kisha nikamwomba mwalimu ampigie mwenzake wa Handeni, niongee mimi. Nikamwamkia shikamoo, nikataja jina langu, nikamweleza yote. Mwisho nikamwomba amwambie yule mpigaji wake kwamba siku ile huenda macho yake hayakuwa na kosa lolote.