Earphone za Besi na Maiki ya Shosho

Jumatatu, Agosti 2008. Nakuru.

Baridi imekaa tangu asubuhi, ile ya kumfanya mtu achemshe chai mara ya pili ili tu apate sababu ya kukaa karibu na jiko. Niko kwa cyber ya binamu ya mume wangu. Mtoto amelala mgongoni, nami naandika kwa kompyuta, vidole viwili, kama kawaida yangu. Hivi vingine vinajua gita tu.

Moyo umejaa leo. Si kwa ubaya. Umejaa tu, na sina wa kumwambia, kwa hivyo nakuambia wewe unayesoma hii shajara yangu ya mtandaoni.

Kama ni mara yako ya kwanza kufika hapa: mimi hupiga gita la besi, lile kubwa la waya nne, kwa bendi ndogo ya harusi. Nilijifunza kanisani kule Kamere, kando ya ziwa, wakati baba alikuwa akifanya kazi kwa shamba la maua. Shule niliachia Form Two. Gita sikuachia. Mpiga besi wa hii bendi alirudi kwao baada ya zile shida za Januari, za uchaguzi, na Ezra, kiongozi wetu anayepiga kinanda, akaniambia nishike tu nafasi mpaka mtu apatikane. Wakati huo nilikuwa na tumbo kubwa, na gita limekaa juu ya tumbo kama mzigo juu ya mzigo. Baraka akazaliwa, mtu akakosa kupatikana, nikabaki.

Mwezi uliopita nilikaribia kuharibu kila kitu.

Tulikuwa na harusi Lanet. Nyuma yangu spika, kando yangu drum, mbele mwimbaji anataka aongezewe sauti, na kila akiongezewa kila mtu naye anataka. Katikati ya hizo kelele nikasikia Baraka akilia. Nilimsikia kabisa, ile sauti yake ya kukwaruza. Mkono wangu ukatoka kwa waya bila mimi kuuambia. Sasa, wimbo ukitolewa besi ni kama hema lililotolewa nguzo. Wasichana wa bi harusi walikuwa katikati ya zile hatua zao za kuingia, miguu ikachanganyikana, mmoja akamkanyaga mwenzake gauni.

Nikageuka. Baraka alikuwa kwa mapaja ya nyanya yake, amelala, mdomo wazi.

Hakuwa amelia. Zilikuwa zile sahani za drum.

Nafikiri kila mama anajua hii kitu. Unaoga, unasikia analia. Unawasha jiko, unasikia analia. Unakimbia na sabuni kwa macho, unampata anaangalia dari na kucheka peke yake.

Ezra hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Alingoja tumalize kula, akaniambia polepole, "Mama Baraka, wewe ni kama dada yangu. Lakini kuna kijana anapiga pale Salgaa, kwa zile hoteli za madereva wa malori. Na yeye hana mtoto." Halafu akasema harusi ya Kiamunyi ndiyo itaamua.

Hayo maneno nilitembea nayo siku nyingi. Ni ngumu kumweleza mtu ambaye hajawahi kupiga. Wiki nzima mimi ni wa kufua, kupika na kunyonyesha, na nashukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini nikishika lile gita, kuna watu wanaonitegemea nisimame mahali fulani, na mimi najua pa kusimama. Sikutaka kumpa kijana wa Salgaa hapo mahali.

Nyumbani sikupata wa kunipa pole. Mama mkwe, ambaye sote tumemwita Shosho, yaani nyanya, tangu Baraka azaliwe (mimi nikiongea naye humwita Mum), ndiye hunishikia mtoto kwa harusi. Lakini gita hajawahi kuliita kazi. Huwa anasema mchezo. "Jumamosi unaenda tena huko kwa mchezo wako?" Nilipomwambia habari ya Ezra, akaendelea kumenya viazi. "Basi utapumzika," akasema.

Wafula, fundi wetu wa mitambo ya sauti, ndiye alileta hii mambo ya monita za masikioni. Alisema shida si mimi, ni kelele ya jukwaa. Alipata visanduku vidogo vyenye waya mrefu, kila mtu anachomeka earphone na kusikia kile anachohitaji, spika za jukwaani zinazimwa. Earphone kila mtu ajinunulie. "Lakini wewe wa besi usichague kama waimbaji," akaniambia. "Sauti ya juu inaingia hata ukivaa vibaya. Besi ikipata kashimo kadogo inatoroka."

Nikaenda mjini, gita kwa bega, Baraka kifuani. Kuna duka la familia ya Kihindi linauza redio na vyombo vya muziki. Mwenyewe ni mama wa makamo, wateja humwita Mama Kiran. Alinitolea za aina tatu, akazipangusa na spiriti, akaniwashia amplifaya ndogo nichomeke gita langu. Nilimlaza Baraka kwa kiti nyuma yangu, juu ya leso.

Za kwanza zilikuwa zinang'aa, na besi yake ni kama lori linapita ndani ya kichwa. Nilizipenda mara moja. Lakini nilipopiga noti mbili zinazofuatana sikujua hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi. Ilikuwa ni kama kusikiliza mtu anayeongea na mdomo umejaa ugali. Za pili zilikuwa kubwa, zikaanguka kabla nishike waya. Za tatu zilikuwa nyeusi tu, hazina urembo. Hizo nilisikia kidole changu kikigusa waya, halafu noti yenyewe, kavu na safi. Ndiyo kitu mpiga besi anataka. Ngurumo ni ya watu wa kucheza. Mimi nataka kujua nimeingia saa ngapi na nimetoka saa ngapi.

Nikasema nachukua hizo. Mama Kiran akaniangalia.

"Wewe naimba pia?"

Nikamwambia huwa naitikia.

"Basi imba."

"Hapa dukani?"

"Kwani taimba wapi, ndani ya friji?"

Nikaimba, huku nikipiga. Nilipofungua mdomo vizuri, besi ikapotea yote. Nikafunga, ikarudi. Nikafungua, ikaenda. Sikujua kwamba taya likisogea, tundu la sikio nalo linabadilika. Mama Kiran alikuwa anacheka mpaka bangili zinalia. "Kila mtu najaribu hapa kama ako kwa kinyozi. Kimya, shingo moja kwa moja. Kesho narudi nasema Mama Kiran, umeniuzia mbaya."

Akatoa ule mpira wa mbele, akaweka sponji, saizi ndogo kabisa. Unaibonyeza, unaingiza, unangoja ivimbe ndani ya sikio. Akaniambia niimbe, nicheke, niangalie kulia na kushoto. Nilifanya yote. Besi ikakaa. Nikafurahi nikapiga wimbo mzima macho yamefungwa.

Nilipozitoa, nyuma yangu kulikuwa na mwanaume aliyekuja kununua betri. Alikuwa amemshika Baraka, na uso wa Baraka umelowa.

"Amelia kitambo, mathe," akaniambia.

Kitambo! Hatua moja nyuma yangu.

Nilizinunua, lakini njia yote ya kurudi sikuwa na furaha. Nilikuwa nimetafuta earphone ya kuzuia mtoto asiyelia, na nikapata ya kuzuia mtoto anayelia.

Alhamisi tukafanya mazoezi. Shosho alikaa na Baraka nje ya mlango. Mimi ndani, masikio yamezibwa, kila noti naisikia kama imeandikwa. Na macho kwa mlango. Kelele ilikuwa inanidanganya kwamba analia. Huu ukimya ulikuwa haunidanganyi, haukuniambia chochote, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Katika wimbo wa pili nikatoa earphone moja, nikaiacha inaning'inia begani nikifikiri hakuna aliyeona.

Wafula akasimamisha wimbo.

"Ukitoa moja, ile ingine utaiongeza mpaka ikuumize," akasema. "Na besi unaisikia nusu. Rudisha."

Sikurudisha. Ezra akaangalia juu, nikaona anafikiria Salgaa.

Wafula akaja karibu. Akaniuliza kama vile unamuuliza mtu anataka chai na nini: "Hebu niambie, unataka kusikia nini huko ndani? Mimi ndiye naweka. Drum?"

Drum, ndiyo.

"Kinanda? Mwimbaji? Wewe mwenyewe? Na nini tena?"

Niliona aibu kusema. Mpiga drum anasubiri, mwimbaji anasubiri.

"Mtoto," nikasema.

Mpiga drum akacheka. Wafula hakucheka. Alikuna kidevu, akasema kuna maiki moja haina kazi, na iko na nafasi yake kwa mashine. Anaweza kuiweka pale mtoto anapokaa, isiende kwa spika za watu hata moja. Iende kwa sikio langu tu.

Sikuwa nimejua kwamba kitu kama hicho mtu anaweza kuomba.

Basi juzi Jumamosi, Kiamunyi. Upepo, mahema yanapigapiga, bi harusi ameshika shela kwa mikono miwili. Shosho tulimweka nyuma ya hema la mwisho, mbali na spika, na Wafula akasimamisha ile maiki kando ya kiti. Nikamweleza, "Mum, hii ni ya mimi kusikia mtoto akilia." Akaiangalia kama mtu anayeangalia kuku wa jirani. "Sawa," akasema. Na naona alielewa hivyo hivyo nilivyosema. Akilia tu.

Nikabonyeza sponji, nikangoja ivimbe. Drum ikaja. Kinanda kikaja. Vidole vyangu vikaja. Halafu chini kabisa, kama redio ya jirani, kiti cha plastiki kinalia, na Shosho anakohoa.

Wale wasichana wakaanza hatua zao. Na Baraka akalia.

Safari hii alilia kweli. Ile sauti yenyewe, ndani ya kichwa changu. Maziwa yakashuka hapo hapo, nikajua blauzi imekwisha. Lakini mkono haukutoka. Sijui niseme nini, mkono ulikaa tu, kwa sababu nilikuwa namsikia, na niliposikia nilijua pia hayuko peke yake. Shosho alikuwa anamwambia nyamaza, nyamaza baba, huku anampigapiga mgongoni. Tap, tap, tap. Nikasikiliza vizuri. Alikuwa anampiga kwa mdundo wangu. Mimi nikishuka, mkono wake unashuka.

Baraka akanyamaza. Wasichana wakafika mbele bila kukanyagana.

Halafu nikasikia sauti ya mwanamke mwingine, mgeni tu wa harusi.

"Na mama ya huyu mtoto ako wapi?"

"Yuko kazini," Shosho akasema.

"Kazini Jumamosi?"

"Si ndiye yule mwenye gita."

"Ai! Na ukamwachilia?"

"Nimwachilie kwani nilikuwa nimemfunga?" Mkono bado unapiga. "Sikiza. Hiyo inakuingia kwa kifua. Ee, hiyo. Ndiye huyo. Akiacha, hao wote wanaanguka."

Alisema kazini.

Nilipiga mpaka mwisho nikiangalia nyasi, kwa sababu ningeangalia mtu yeyote ningelia, na mtu anayelia taya linasogea, na besi inatoroka.

Tulipokuwa tunakunja waya Ezra alipita karibu yangu. "Salgaa ikae Salgaa," akasema, akaendelea kubeba kinanda chake. Nilitaka kuruka, lakini nilikuwa nimefunika blauzi na leso.

Shosho alinipa mtoto. Nilimwambia asante Mum. Akaniambia hizo vitu za masikio zitanifanya kiziwi kabla ya wakati, na kwamba pilau ya hao watu ilikuwa na mafuta mingi.

Na leo asubuhi, kwa jiko, hivyo hivyo: "Jumamosi unaenda tena huko kwa mchezo wako?"

"Ndiyo, Mum."

"Useme mapema. Hiyo leso nyingine haijakauka."

Nimekaa hapa nikijiuliza kama nimwambie. Kusikia mtu bila yeye kujua ni kama kuiba, najua. Lakini nikimwambia atafunga mdomo, na ile kitu ambayo hawezi kunipa kwa uso nitaikosa kabisa. Labda siku moja, Baraka akiwa mkubwa, tutacheka sisi watatu. Leo bado naihitaji.

Baraka ameanza kugeuka mgongoni, ataamka. Earphone nimezifunga kwa kitambaa juu ya kabati asizifikie. Jumamosi nitamwomba Wafula aiweke ile maiki pale pale kando ya kiti cha Shosho, ya kusikia mtoto akilia.

Na asipolia pia.