Majivu Yaliyokunywa Rangi

Chumba cha juu, nyuma ya karakana ya Mama
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kaka,

U hali gani huko kwenye baridi? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki inayokataa kuwaka? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua kidogo. Mdomo haujambo kabisa.

Nina habari za furaha, lakini zilianza vibaya. Mwezi wa tatu Bwana Afya alipita, akakuta maji mekundu ya karakana yetu ya kutia nguo rangi yakiteremka mferejini hadi kwa majirani. Akatia kufuli. "Mpaka maji yatoke safi, mama." Masufuria ya rangi yakapoa. Mama akawa anashinda kwenye benchi, na vidole vyake, kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe, vikaanza kuwa na rangi ya ngozi. Iliniuma kuliko kufuli lenyewe.

Pale maabara ya hospitali ninapofanya kazi, majivu ya tanuri la taka huwa yanafukiwa tu. Mkuu wangu alishasikia kwamba yakioshwa na kupimwa vizuri yanaweza kunasa rangi iliyo majini. Nikamwomba tujaribu kwa maji ya Mama. Mwanzo ilikuwa aibu tupu: maji yalitoka meusi kuliko yalivyoingia! Tukaosha tena majivu, tukabadili vipimo, hadi yakatii.

Nilipomweleza Mama, aliruka. "Majivu ya sindano na bandeji? Kwangu? Thubutu!"

"Yamepita moto mkali, Mama. Na tumeyapima."

"Basi yakae hukohuko."

Nikamletea chupa mbili: moja ya maji yake mekundu, nyingine ya maji yaleyale baada ya majivu. Akaipeleka ya pili dirishani, akaigeuzageuza. Mara akafoka: "Ala! Nguo nazibembeleza kwa chumvi na moto ndipo zishike rangi, haya majivu yameinywa yote kwa mkupuo!" Alikuwa na wivu, Kaka! Nilicheka mpaka machozi.

Sasa maji yote hupita kwenye mapipa ya majivu kwanza. Tope linalobaki huchukuliwa na hospitali na kufungwa ndani ya saruji lisivuje. Maabara ya mji iliyapima maji, ikaridhika, na kufuli likatoka. Siku ile wafanyakazi walicheza na ndoo vichwani.

Ila kuna jambo. Bwana Afya, ambaye kumbe ni mjane kama Mama, bado huja kila Ijumaa "kukagua mfereji". Hukagua kidogo, kisha hunywa chai muda mrefu. Jana Mama aliniuliza kama kilemba cha zambarau kinamkaa. Wewe ndiye mkubwa wetu; jiandae kuombwa ruhusa.

Msalimie sana wifi yangu, na umbusu mwanao Kidevu, umwambie shangazi yake amemkumbuka. Uzima na amani visikose mlangoni kwenu.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kitindamimba