Neno la Siri Kwenye Kalenda

Baba, Mama na Brayson,

Nitamwambia nini Bibi? Maharage yameiva, hayajaungwa. Mama, tafadhali mbembeleze Bibi anywe uji; tangu asubuhi hajagusa kitu.

Wifi yake amempigia simu kutoka Makambako, akicheka: "Kumbe wifi ulimtoroka mume wa kwanza na kuku kwapani!" Bibi alinirudishia simu, akajifunika blanketi.

Habari ile alinisimulia nikairekodi sauti yake na kuiweka kwenye tovuti yangu, ili niwahifadhie wajukuu peke yao. Ndiyo maana niliifunga kwa neno la siri. Nawe Brayson ukaliandika kwenye kalenda ya usharika sebuleni, kana kwamba ni la waifai! Jumapili wifi huyo alipotutembelea akalisoma, akasikiliza yote.

~~Leo naifuta tovuti nzima.~~ Hapana. Sauti ile si yangu, siwezi kuifuta.

Nimekwenda Makambako kumsihi wifi yake asiendelee kuitangaza habari hiyo. Tovuti nimeizima kwa sasa. Jioni nikirudi, Bibi atachagua neno jipya mwenyewe, aliandike mwenyewe, na hatamwambia mtu. Atakayetaka kumsikiliza, nami nikiwemo, atamwomba yeye.

Binti yenu,
Eveline