Benki Isiyouliza Babu Yangu ni Nani

Sheffield, Uingereza
Ijumaa, baada ya sala

Kwa Hooyo, mama yangu mpenzi,

Assalamu aleikum warahmatullah. Naomba Mungu barua hii ikukute mguu umepungua uvimbe, na dawa za presha unazimeza kila siku, si siku ile tu kichwa kinapokuuma. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Galgalo yuko kazini wodini tangu asubuhi. Ameniagiza nikwambie kwamba lile blanketi ulilomlazimisha abebe, akanung'unika nalo kutoka Isiolo hadi uwanja wa ndege, sasa hamwachii mtu. Hata mimi mke wake napewa pembe tu.

Najua utauliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Hooyo, simu zako nazijua. Nikipiga, unaniuliza kama nimekula, kisha unampa Sahra, Sahra anampa shangazi, shangazi anampa mteja aliyeingia dukani ambaye hata simjui, na muda unaisha kabla sijasema neno la maana. Habari hii nataka uisikie mwanzo hadi mwisho. Muuguzi mwenzake Galgalo anasafiri kwao Meru usiku wa leo, ndiye atakayekuletea barua Jumapili. Sahra mdogo wangu, wewe ndiye msomaji, basi soma polepole na usiruke mahali.

Habari yenyewe ni hii: nina akaunti ya benki. Yangu mimi, kwa jina langu. Na Jumatatu naanza kazi jikoni kwenye shule ya msingi, mtaa wa tatu kutoka hapa tunapokaa. Nimeandika sentensi hizo mbili nikainuka kuzunguka meza, kisha nikarudi kukaa. Furaha imenizidi, sijui niiweke wapi.

Lakini nikianza na mwisho hutaelewa nilivyohangaika. Kazi yenyewe niliipata Jumatatu ya wiki iliyopita. Mkuu wa jikoni, mama mmoja mnene mcheshi anaitwa Carol, alinionjesha supu yao na kuniuliza inakosa nini. Nikamwambia ukweli, inakosa kila kitu. Alicheka, akanipa kazi. Ila akaniambia nimpelekee namba ya akaunti kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata, kwa sababu shule haimlipi mtu taslimu, na kuna mwanamke mwingine alikuwa anangoja nafasi hiyohiyo. Nikamuuliza kama wanaweza kuweka mshahara kwa akaunti ya mume wangu. Carol akaniangalia juu ya miwani. "Kwani ni yeye atakayemenya viazi?" akasema.

Basi nikarudi nyumbani nikajiandaa. Na hapa, Hooyo, usicheke mpaka nimalize.

Wewe unakumbuka nilivyopata kitambulisho. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na nane, Aabo, baba yetu, alikuwa ameshafariki, na wewe ukanipeleka mbele ya ile kamati ya wazee wanaohakiki Wasomali wanaoomba kitambulisho. Tulikwenda mara sita. Mara wanataka baba mdogo aje mwenyewe, mara baba mdogo amekuja lakini cheti chake kimesahaulika, mara mzee mmoja wa kamati hayuko, amekwenda kwenye mazishi. Na kila mara swali ni lilelile: baba yako nani, babu yako nani, babu wa babu alikuja Isiolo na jeshi gani la Mwingereza. Siku ya sita ulisimama ukawaambia, "Mimi ndio nimemzaa huyu, hapa mtaani Kiwanjani, mvua ikinyesha. Munataka shahidi mwingine wa nini?" Mzee mmoja akainamisha kichwa, na siku hiyo wakaandika.

Kwa hiyo kichwani mwangu, ofisi ni ofisi. Nikajiambia, kama kwetu nilikozaliwa walitaka mashahidi watatu, hapa ugenini si watataka kumi? Nikakaa siku mbili nakariri majina ya babu zangu hadi wa sita. Galgalo akirudi kazini ananikuta naosha vyombo nikiita mababu. "Hodan," akaniambia, "hii ni benki, si kamati." Nikamwambia yeye ni mtu wa Korbesa, kwa wafugaji wenyeji, ng'ombe wa kwao wana alama, watu wake wanajulikana kutoka mbali, asinifundishe mambo ya kuhojiwa.

Nikatafuta mashahidi. Wa kwanza ni Mzee Nuur, Msomali aliyefanya kazi kwenye viwanda vya chuma vya mji huu tangu ujana wake, sasa amestaafu na anaswali safu ya mbele msikitini. Wa pili ni Khadija, jirani yetu wa ghorofa ya juu, ambaye hunigongea mlango akiishiwa chumvi. Wote walikubali mara moja. Mzee Nuur alivaa suti na kofia ya barakashia. Khadija akabeba chupa ya chai, kwa sababu nilimwonya kwamba kungoja kunaweza kufika adhuhuri.

Alhamisi ya wiki jana tukaingia benki sisi wanne, Galgalo nyuma kabisa akijifanya anasoma matangazo ukutani. Tukapokelewa na dada mmoja kijana, ana kibandiko kifuani kimeandikwa Lucy. Aliuliza anisaidie nini. Nikasimama wima nikaanza, "Mimi ni Hodan Yusuf Ismail Warsame," nikawa naendelea, naye akainua mkono polepole, akauliza hawa wenzangu ni nani.

"Hawa ni mashahidi wangu."

"Mashahidi wa nini?"

"Kwamba mimi ni mimi."

Lucy alishika pasipoti yangu, akaifungua, akatazama picha, akanitazama mimi. "Lakini pasipoti yako imeshasema hivyo," akaniambia.

Nilimgeukia Galgalo, naye mabega yanatikisika. Lakini Mzee Nuur hakuwa amevaa suti bure. Alisogea mbele, akakohoa, akasema kwa Kiingereza chake cha kiwandani kwamba yeye alimjua mtu aliyemjua babu yangu, na kwamba ni ukoo wa watu safi wasio na deni. Lucy alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akamletea kiti. Halafu akaniambia anachohitaji ni kitu kimoja tu: karatasi yoyote rasmi yenye jina langu na mahali ninapokaa.

Nikatoa mkataba wa nyumba. Jina la Galgalo. Nikatoa bili ya umeme. Galgalo. Bili ya maji, Galgalo tena. Yeye ndiye aliyetangulia kuja, akaandika kila kitu peke yake, na mimi nilipofika miezi minne baadaye hakuna aliyefikiria kuniongeza. Kwa karatasi, mimi sikuwa nakaa popote. Mzee Nuur akasema kwa hasira, "Mimi nimemwona kwa macho yangu akitoka nyumba hiyo." Lucy akamjibu kwa upole, "Mimi ninakuamini, mzee. Kompyuta ndiyo haikuoni."

Tukatoka. Tulikunywa ile chai ya Khadija kwenye benchi nje ya benki. Galgalo sasa hakuwa anacheka. Alisema, "Nilikuleta hapa nikakusahau kwenye kila karatasi," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. Sikuwa na hasira naye, lakini nilikuwa na hofu, sitakuficha. Nilikuwa na siku saba tu. Nilijiona nimekaa nyumbani mwaka mzima, namwomba mtu mzima mwenzangu hela ya sabuni, na yeye anachoka kazini kwa wawili. Galgalo hawezi kuninyima, unamjua. Lakini mkono wa kuomba unachoka hata kama hakuna anayeunyima.

Papo hapo kwenye benchi Galgalo akapiga simu baraza la mji. Huku kila nyumba hulipa kodi kwa baraza, na bili yake inakubalika benki. Akawaambia waandike jina la mke wake pamoja na lake. Wakasema wataandika, na barua itakuja kwa posta, siku tano za kazi au zaidi kidogo. Hilo "zaidi kidogo" ndilo lililoninyima usingizi.

Huku posta haina sanduku, Hooyo. Kule kwetu barua zote tulizowahi kupata zilikuja kwa sanduku la shule, zikakaa kwa mwalimu mkuu mpaka akumbuke. Hapa mlango wenyewe una kinywa. Mtu wa posta anapita asubuhi, anasukuma barua ndani, zinaanguka kwenye zulia. Basi nikahamia kwenye ngazi karibu na mlango. Ijumaa ikaanguka karatasi ya kutangaza mazulia. Jumatatu, karatasi ya kutangaza kuku wa kukaanga. Jumanne hakuna. Jumatano ikaja bahasha nikaruka nayo juu, kumbe ni ya mpangaji aliyekaa hapa kabla yetu. Khadija alinikuta nimekaa ngazini akaniletea mkate, akasema ninaonekana kama mtu anayengoja hukumu.

Jana Alhamisi Galgalo aliondoka mapema kwenda kazini. Mimi nikawa jikoni, nimechoka kungoja, nakatakata kitunguu kwa hasira. Nikasikia kitu kimeanguka. Sikwenda mbio. Nilinawa mikono kwanza, nikijiambia ni kuku wa kukaanga tena. Ilikuwa bahasha nyeupe ndefu, na juu yake majina mawili: Galgalo Diba, na chini yake Hodan Yusuf. Hooyo, katika maisha yangu yote sijawahi kuletewa barua mlangoni kwangu. Nilikaa palepale kwenye zulia nikalia, nikisingizia kitunguu ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

Nikavaa, nikatoka. Pale nje nikakutana na Mzee Nuur akitoka dukani. Aliona bahasha mkononi mwangu, akaniambia, "Ningoje dakika tano nichukue suti." Nikamwambia, "Aabo Nuur, leo wacha niende peke yangu." Nilidhani atakasirika. Akasema tu, "Nenda, mama. Ukikwama niite."

Lucy alikuwepo. Nikaweka pasipoti, nikaweka barua ya baraza. Akasoma, akapiga vidole kwenye kompyuta, akaniuliza kazi yangu. Nikasema mpishi. Mara ya kwanza kusema hivyo mbele ya mtu wa ofisi, na neno likatoka lenyewe bila kutetemeka. Akanipa kalamu nitie sahihi mahali pawili. Nikatia. Kisha akaandika namba kwenye karatasi, akanisogezea, akasema kadi itakuja nyumbani kwa posta baada ya siku chache.

Nikabaki nimekaa. Mwili wangu wote ulikuwa unangoja lile swali.

"Kuna jingine?" Lucy akauliza.

"Hamtaki jina la babu yangu?"

Akafikiri. "Hatulihitaji," akasema. "Lakini kama ungependa kuniambia, nina dakika mbili."

Nikamwambia. Hodan, Yusuf, Ismail, Warsame, Guleid, Farah, Abdille, Samatar. Nikayasema yote bila kusita, taratibu, naye ameacha kompyuta ananisikiliza. Sijawahi kuyasema hivyo. Siku zote nilikuwa nayasema kama mtu anayejitetea. Jana niliyasema kwa raha tu, kwa sababu ni watu wangu na ni wazuri kuwataja.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja shuleni nikampa Carol ile namba. Akaibandika ukutani, akanipa aproni mbili na kofia ya nywele, nikamwonyesha namna nitakavyoivalia juu ya mtandio. Ameniambia Jumatatu saa tatu asubuhi, na kwamba nije na maoni yangu kuhusu ile supu. Galgalo aliporudi nilimwonyesha karatasi ya benki. Alisoma jina langu mara mbili kama daktari anasoma cheti cha mgonjwa, halafu akaenda kupika yeye. Wali uliungua chini lakini tuliula wote.

Nisalimie kaka Bashir akirudi na lori, umwambie apunguze mwendo kwenye ile barabara ya Moyale, lami nzuri ndiyo inayoua. Nisalimie shangazi Maryan na wenzake wote wanaouza maziwa ya ngamia. Waambie huku wanauza maziwa yasiyo na harufu ya moshi, na watu wanayanywa hivyohivyo. Akitokea mtu wa kwenda Korbesa, apeleke salamu kwa mama mkwe wangu, aambiwe mwanawe amenenepa. Na Sahra, asante kwa kusoma, hapa ndipo nakuomba usome kwa sauti hata kama Bashir amekaa hapo.

Hooyo, kitambulisho chako ulikipata mwaka jana, baada ya miaka ambayo hata sitaki kuihesabu. Bado kiko ndani ya sanduku, kwenye mfuko wa nailoni, unakitoa siku ya Idd kuwaonyesha wageni. Na pesa za duka lako bado ziko kwa akaunti ya Bashir. Kaka yangu ni mwaminifu, sina neno naye, lakini ukitaka kununua mzigo wa leso unangoja lori lirudi. Sasa sikiliza. Jumatatu, saa ile mimi naingia jikoni kwa Carol, wewe toa hicho kitambulisho, jifunge kichwani ile shash yako ya kijani, uende benki hapo mjini ukafungue akaunti yako. Bashir asikupeleke. Sahra abaki dukani. Usimchukue mzee yeyote. Wakikuuliza wewe ni nani, wape kitambulisho, kisha ukae kwenye kiti kama mtu aliyefika kwake. Ukikosa karatasi moja, rudi nyumbani uitafute, halafu urudi tena. Lakini anayerudi awe wewe, mwenye jina.

Ni mimi, binti yako,
Hodan Yusuf