Kura Mbili za Baba Neema

Ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la zamani, mwaka ule vyama vingi vilipoanza. Sijabadilisha neno.

Murangi, Jumatatu alasiri.

Mawingu tangu asubuhi. Dagaa wangu wako mchangani na hawakauki, na mimi nina wivu. Heri niseme mapema.

Matokeo ya udiwani ya kituo chetu yamebandikwa kwenye ukuta wa shule. Mgombea wa chama tawala kapata kura tele. Yule tajiri wa sangara, wa chama kikubwa cha upinzani, kamfuata kwa mbali. Wa tatu ni mume wangu, Baba Neema. Kura mbili.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye alinishika mkono pale pale hadharani, jambo ambalo hajalifanya tangu anioe, akasema, "Mama Neema, nilijuaga wewe hautanitupa. Yangu na yako."

Yake ni yake. Ya pili si yangu.

Mimi kura yangu nilimpigia tajiri wa sangara. Nilikuwa nimewaza wiki nzima. Baba Neema alijiunga na kile chama kidogo baada ya kupunguzwa kazi kiwandani Musoma; kina bendera moja na baiskeli moja, hakishindi hata ndotoni. Kumpa yeye nikaona ni kumwaga maji ziwani. Tajiri angalau angemng'oa diwani aliyekalia kiti miaka yote bila kutuletea hata zahanati. Nikajiambia mume nitampenda nyumbani, kwenye sanduku nitatumia akili.

Na tajiri kaanguka vibaya. Akili yangu haikumfaa yeye wala mtu mwingine.

Lakini hilo silo linalonichoma. Nani alimpa mume wangu ile ya pili?

Namshuku Nyanjura, mjane anayeanika dagaa jirani yangu. Kila mkutano wa Baba Neema alikuja na kigoda chake akakaa mbele kabisa. Mimi mkewe nilikaa nyuma na beseni langu, ili niwahi kuondoka. Na mume wangu akitania kidogo tu, Nyanjura anacheka meno yote nje. Leo alipokuja kugeuza dagaa wake nilishindwa kujizuia.

"Nyanjura, jana ulimpa nani?"

"Eh! Kura ni siri, Mama Neema. Si shemeji mwenyewe alitufundishaga?"

Akaendelea na kazi yake. Nilikitazama kidole chake chenye wino nikakichukia, wakati na mimi ninacho kama hicho.

Sijui kama ni yeye. Huenda ni kibabu fulani asiye na jino hata moja. Wivu hausubiri ushahidi.

Mchana nilipika sato. Kwetu kichwa cha samaki ni cha mwenye nyumba, hata mgeni hapewi. Leo Baba Neema alikitoa kwenye sahani yake akakiweka kwenye yangu. "Kula, mama. Umekistahili." Neema aliacha kutafuna akatutazama.

Nilikila. Nilikinyonya mpaka mifupa, kwa aibu, maana ningekiacha angeuliza.

Sasa yuko uani anashona wavu na anapiga mluzi. Tangu wampunguze kazi sijamsikia akipiga mluzi. Mtu aliyeshindwa vile, kijiji kizima kimemcheka, na anapiga mluzi kwa ajili ya kura moja.

Ile niliyosema itapotea.

Ningeweza kuipiga mimi. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, jina lake nililiona, nikalipita. Mtu mwingine hapa Murangi hakulipita, na ninamwonea wivu mtu huyo kuliko nilivyowahi kumwonea yeyote. Hata akiwa kibabu.

Kunyamaza ni rahisi. Nikinyamaza, ataendelea kunishika mkono mbele za watu. Lakini mkono huo haunishiki mimi.

Jioni nitapika tena samaki. Kichwa nitakiweka kwenye sahani yake, halafu nitamwambia kwa nini. Namjua, atauliza ya pili ilikuwa ya nani.

Hapo nitamwambia sijui. Jina la Nyanjura halitatoka kinywani mwangu.