Jino Zima la Mama Mwajuma

Korogwe, Jumatano

Eti "hakuna kosa la kitaaluma." Mama Mwajuma katoka kwao Ngombezi na jino lake zima, jeupe, alilong'olewa na daktari wetu, kalifunga kwenye pindo la kanga. Lile bovu bado limo kinywani, linamuuma. Sisi kamati ya maadili ya hospitali tukapokezana jino lile, tukaguna kisomi.

"Mama, meno yanafanana," mwenyekiti akamwambia. "Daktari naye ni binadamu."

Daktari katulia kama mgeni rasmi. Tukapiga kura, tukamsafisha, tukanywa chai. Nami nilinyoosha mkono. Gego langu limeanza kuuma, na hapa mng'oaji ni huyo huyo mmoja. Naona aibu, lakini naliogopa zaidi gego.

Chai haijaisha, mwenyekiti, ambaye shavu limemvimba tangu juzi, akamwomba daktari amng'olee lake. Akakaa kwenye kiti, akapanua kinywa, akaweka kidole juu ya jino bovu. Daktari akamwomba akitoe. Hakukitoa. Hata sindano ya ganzi ilipoingia, kidole kiko pale pale.

Mama Mwajuma alikuwa bado mlangoni.

"Mwenyekiti, toa kidole baba," akasema kwa upole. "Si yanafanana? Mwachie achague mwenyewe."